Tarbushi la Kismet na pini za Mwanaisha

Nakala 40 za majaribio za kitabu changu cha vibonzo, ambacho shujaa wake ni msichana Mwanaisha, zilikuja kwa tuktuk hadi mlangoni kwetu Kibokoni, Mombasa, Ijumaa baada ya swala. Nikampa moja binti ya kakangu, mwenye miaka 15, nikakaa kitako nimtazame anavyosoma. Alipofika ukurasa wa 6 akaanza kucheka. Akawaita wenzake wawili waliokuwa ukumbini, nao wakacheka hadi mmoja akashika ukuta.

"Shangazi, huyu Mwanaisha yuwalala na mtandio? Na pini zake? Hazimchomi?"

Fremu ile nilikuwa nimeitazama labda mara hamsini. Mimi mwenyewe navaa mtandio tangu utotoni, na kila usiku nauvua nautupa kwenye kiti. Lakini mchoraji wangu ni kijana wa bara, Mkristo, hajapata kuingia chumba cha kulala cha msichana wa Kiislamu (na tushukuru kwa hilo), kwa hiyo alichora alichokiona barabarani. Kupitisha ilikuwa kazi yangu, nami nilipitisha.

Mwezi huu vijana watatu wamenipigia simu, wote wanataka kumchukua shujaa wa zamani wamfanye wa leo, na kila mmoja nimemsimulia nusu nusu. Hii hapa nzima, pamoja na hela.

Mchana mimi ni karani kwa wakala wa kutoa mizigo bandarini. Vibonzo ni vya usiku. Ukimtajia mtu shujaa Mwislamu wa vibonzo, atakwambia Kamala Khan, yule msichana wa Jersey City mwenye asili ya Pakistani, aliyepata kitabu chake mwenyewe mwaka 2014 akalivaa jina la Ms. Marvel, ambalo kabla yake lilikuwa la Carol Danvers. Juzuu yake ya kwanza ilishinda tuzo ya Hugo mwaka 2015. Nampenda sana. Lakini Kamala ana kampuni nyuma yake, na ukimchora ukamwuza jiandae kupokea barua ya wakili. Mimi nilitaka shujaa asiye na mwenyewe.

Nikampata Kismet. Alitokea mwaka 1944 Marekani, katika Bomber Comics, jarida la kampuni ya Elliot lililotoka mara nne tu. Mwandishi anayetajwa ni Omar Tahan. Kismet ni Mwislamu wa Algeria anayepigana na Manazi huko Ufaransa, kifua wazi, tarbushi kichwani, na huitwa Mtu wa Majaaliwa. Wengi humhesabu kuwa shujaa wa kwanza wa vibonzo ambaye ni Mwislamu. Vita vikaisha, jarida likaisha, naye akasahauliwa miaka mingi.

Hapa kuna jambo la kisheria ambalo karibu liniponze. Marekani ya wakati ule ilimtaka mwenye kazi aihuishe hakimiliki baada ya miaka 28. Asipofanya hivyo, kazi huwa ya watu wote. Kismet leo yumo katika mashujaa wa namna hiyo, mali ya umma. Nikashangilia. Kumbe karne hii mwandishi wa Marekani, A. David Lewis, alikwisha kumfufua, akampa maisha mapya na watu wapya wa kumzunguka. Cha 1944 ni cha kila mtu, lakini alichoongeza Lewis kina mwenyewe. Katika rasimu yangu ya kwanza nilikuwa nimeazima jambo moja la yule mpya bila kujua, kwa kuwa nilisoma muhtasari badala ya kusoma kurasa za 1944 zenyewe. Kwa hiyo kwanza tafuta kurasa asili. Majarida mengi ya miaka ile yamewekwa mtandaoni, hulipi kitu. Kisha andika kwenye daftari safu mbili: hiki nimekitoa kwa wa kale, hiki nimekibuni mimi. Kitu ambacho hakiingii safu yoyote, kitupe. Na kama wasomaji wako wako Kenya, angalia na sheria ya hapa, ambayo humlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Hakimiliki yako mwenyewe huipati kwa kujiandikisha KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, huwa nayo pale unapomaliza kuandika; kujiandikisha hukupa ushahidi siku ya ugomvi.

Rasimu hiyo naionea haya mpaka leo. Nilidhani kumfanya mtu awe wa kisasa ni kumpa simu. Mwanaisha, Kismet wangu wa leo, alikuwa na miaka 16, droni, viatu vya kuruka, na buibui lenye mistari inayowaka. Adui alikuwa mtu mwenye ndevu aliyeficha bomu karibu na Fort Jesus. Binti ya kakangu alisoma kurasa nne kwenye simu yangu, akanirudishia.

"Shangazi, hadithi yetu sisi lazima iwe na bomu?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeandika kitabu cha kumwambia mtu ambaye hayuko Mombasa kwamba sisi si wabaya, na Mwanaisha nimemgeuza wakili. Kila kurasa mbili alisimama akaeleza dini yake, kwa watu wa Kibokoni ambao wote walikuwa wametoka msikitini! Nilifuta yote, kurasa 22 za maandishi, kazi ya miezi mitatu. Bahati nzuri mchoraji alikuwa hajaanza. Mtu akiniuliza pesa yangu niliiokoa wapi, niliiokoa hapo, kwa kumsomesha mtoto kabla ya kumlipa mchoraji.

Ikabaki nguvu yake. Kwa kuwa Kismet wa kale ni Mtu wa Majaaliwa, nilimpa Mwanaisha kuona mbele, nikaona hiyo ndiyo asili yake, nisiiguse. Nikaenda kwa ustadh mmoja mstaafu ambaye hukaa barazani baada ya magharibi. Alinifundisha juzuu ya Amma nikiwa na miaka saba. Mwuza kahawa alikuwa amepita na dele lake, tukapewa vikombe viwili vya kahawa tungu.

"Masalkheri, Ustadh."

"Masalkheri, mwanangu. Lete hicho kitabu chako cha picha."

Alisoma polepole, miwani imeshuka puani.

"Huyu mtoto huona ya kesho?"

"Dakika chache tu, Ustadh."

"Hata kama ni nukta. Ghaibu, yaliyofichika, ni ya Mwenyezi Mungu. Mtu aonaye ya kesho hapa mtaani tuna jina lake, mpiga ramli, na huyo hatumweki kwenye kitabu cha watoto."

Nilikuwa nimejitayarisha. Nikamwambia basi nitamfanya aone ya nyuma: akigusa kitu, ajue nani alikishika kabla yake. Akacheka. Akanisomea katika Sura Hud, pale kisa cha Nabii Nuhu kinapoisha, aya ya 49, Mtume anapoambiwa kwamba hizo ni katika habari za ghaibu. "Ya nyuma nayo ni ghaibu," akasema, "kwa mtu ambaye hakuwapo."

Nilikasirika, sitaficha. Nilijiona nimekwama na mzee asiyejua vibonzo ni nini. Nikamaliza kahawa nikaaga, naye akaniuliza swali nikiwa nimekwisha simama.

"Na kismati yenyewe maana yake nini?"

"Bahati."

"Hiyo ndiyo ya mtaani. Kiarabu chake ni kugawa. Ni fungu lako. Ndiko tulikotoa kukasimu."

Fungu. Nilienda nalo hadi nyumbani, nikalala nalo. Siku ya pili nilikuwa na kazi Likoni, na jioni kwenye kivuko nikamwona hamali na mkokoteni wake wa maji, madumu kumi na mawili ya lita 20, akiteremka kuelekea kwenye feri. Ukivuka Likoni unaijua picha hii. Hamali huwa mbele ya mzigo wake, mgongo umeulalia, visigino vimekita, kilo 240 za maji zinamsukuma kutoka nyuma na umati mzima uko mbele yake. Kandambili zake zilikuwa zimekwisha kabisa upande wa kisigino. Hakuna aliyemtazama. Nami nikajiuliza: je, msichana angeweza kumgusa tu mkono akampunguzia nusu?

Basi hiyo ikawa nguvu ya Mwanaisha. Haoni kesho wala jana. Akimshika mtu, huchukua fungu la kilichomfika: uzito, maumivu, kishindo cha kuanguka. Nusu inabaki kwa mwenyewe, nusu inaingia mwilini mwake, na haipotei. Kesho yake hawezi kuinua mkono kukuna nazi, na mamake anataka kujua kwa nini.

Nilirudi barazani nikamsimulia ustadh. Akanyamaza kidogo. "Afadhali," akasema. "Sijasema nzuri." Nikachukua hiyo afadhali nikaenda nayo.

Kama mnataka kufanya jambo hili, nawaomba mrudi kwenye jina la shujaa wenu mlichimbue kabla ya kushika penseli. Mimi nilipoteza miezi mitano nikihangaika na nguo na vifaa, na nilichokitafuta kilikuwa ndani ya neno ambalo nyanya yangu hulitumia kila siku.

Tarbushi nalo nilikuwa nimelitupa. Mwanamume kifua wazi na tarbushi jekundu ni Mwarabu wa kwenye picha za Wazungu, nilisema, hatumtaki. Nyanya yangu akaniuliza natupa kofia ya nani. Babake alikuwa askari wa Keya, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, na Keya walivaa tarbushi jekundu. Mwaka ule ule wa 1944, wakati Kismet anatwangana na Manazi kwenye karatasi, askari wa Afrika Mashariki walikuwa Burma, kwenye mvua na malaria, wakipigana na Wajapani. Babake nyanya alirudi. Tarbushi lilikaa kashani miaka mingi hadi mende wakalimaliza. Kwa hiyo kwenye kitabu limo, ila Mwanaisha halivai. Liko juu ya meza ya kujipambia, limegeuzwa juu chini, nyanya yake hutilia humo pini za mtandio.

Sasa mchoraji. Tulikubaliana Sh3,500 kwa ukurasa, kwa mdomo, ndani ya matatu, na hilo ni kosa msilirudie. Hatukusema michoro ni ya nani baada ya malipo, hatukusema kurekebisha ni mara ngapi bure. Yeye ni mtu mwema, la sivyo ningelia. Baada ya kicheko cha ile Ijumaa tulikaa tukaandika karatasi moja: marekebisho mawili bure kabla ya wino, yakizidi ni nusu bei, hakimiliki ni yangu, jina lake linakaa kwenye jalada kwa ukubwa sawa na langu, na michoro asili ya mkono anabaki nayo auze akitaka. Tukatia sahihi mbele ya dadake.

Wasichana watatu walioniumbua niliwalipa kwa viazi karai na juisi ya ukwaju wapitie kitabu kizima na kalamu nyekundu. Walipata makosa kumi na saba. Mwanaisha akiruka ukuta mtandio haukuwa na pini, "ungetoka hapo hapo". Nyumbani, jikoni na mamake na mdogo wake, alikuwa amejifunika gubigubi kama anakwenda harusini. Buibui lilikuwa limefungwa kifungo mpaka chini, mtu hawezi kukimbia hivyo, huliinua kwa mkono mmoja. Shuleni mtandio ni mweupe na mfupi, hauwi wa rangi. Na mmoja akauliza jambo ambalo mimi sikulifikiria kabisa: kama Mwanaisha lazima amshike mtu ndipo amsaidie, atawashikaje wanaume asiowahusu? Tulibishana saa nzima. Wakakata shauri wenyewe: kwenye hatari ya kufa hakuna anayeuliza, lakini pasipo hatari huvaa glavu au hushika nguo, na fungu linapita likiwa dogo. Kanuni hiyo imenipa visa viwili vya kitabu cha pili.

Maneno ndiyo yaliyonitesa kimya kimya. Nilikuwa nimeandika vyote kwa Kiswahili cha darasani. Mwanaisha anamwambia mamake, "Je, mama, ninaweza kutoka?" Nyanya yangu alisomewa akasema, "Huyu azungumza kama taarifa ya habari." Nikabadilisha: mazungumzo yakawa ya Kimvita, Kiswahili chetu cha Mombasa, maelezo ya pembeni yakabaki sanifu, na rafiki yake wa Kisauni akachanganya na Sheng kama wanavyochanganya. Ila kufikia hapo viputo vya maneno vilikuwa vimekwisha chorwa, na maneno mapya hayakuenea. Neno letu moja hubeba mtendaji, wakati na mtendwa, ni refu, halikatiki vizuri kwenye kiputo chembamba. Mpeni mchoraji mazungumzo ya mwisho, yaliyosomwa kwa sauti, kabla hajaweka fremu. Mimi sasa nikifika maneno kumi na tano kwenye kiputo kimoja najua natoa hotuba.

Mpiga chapa alinifundisha mengine mawili kwa dakika tano. Kurasa za kijitabu cha kushonwa kwa waya katikati lazima zigawike kwa nne. Nilikuwa na 22. "Utalipia mbili nyeupe au utazijaza?" akaniuliza. Nikaongeza mbili: Mwanaisha amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi kwa mkono wa kushoto, wa kulia umevimba, na nyanya yake anamtazama bila kusema lolote. Hizo mbili za dharura ndizo wasomaji wananitajia mara nyingi kuliko mapigano yote. La pili ni rangi. Usiku wa Mji wa Kale kwenye skrini ulikuwa samawati nzuri, na kwenye karatasi ukawa lami. Rangi za mwanga na rangi za wino ni vitu viwili, basi mwambieni mchoraji afanye kazi kwa rangi za uchapaji tangu mwanzo, na mwombe ukurasa mmoja wa usiku uchapwe kabla ya vingine.

Hesabu ndiyo hii. Kurasa 24 za mchoro Sh84,000. Kurasa tisa kuchorwa upya kwa nusu bei Sh15,750. Nakala 40 za majaribio Sh16,800, kwa kuwa chache ni ghali. Nakala 300 za mwisho Sh57,000. Jumla Sh173,550, na sijaweka viazi karai. Nauza Sh300. Nimeuza 171, nimegawa 16, na 113 ziko chini ya kitanda changu ndani ya maboksi mawili. Maduka huomba asilimia kubwa na huweka kitabu nyuma ya madaftari. Zilizouzika vizuri ni zile nilizokwenda nazo mwenyewe shuleni na kwenye hafla za madrasa, ambako kina mama huuliza kwanza, "Ustadh fulani amekiona?" Nashukuru nilikunywa ile kahawa.

Mamangu hajakisoma. Amekiweka juu ya friji, wageni wakija huwaonyesha jalada.

Wiki iliyopita nilivuka Likoni tena nikiwa na nakala mkobani, nikamwona hamali amepumzika chini ya mwarobaini, mkokoteni mtupu. Nikampa, nikamwambia tazama ukurasa wa 11, wewe umo. Alifungua kwa vidole viwili asiichafue. Mwanaisha amemshika hamali mkono mteremkoni, madumu yamewaegemea, na mtoto mmoja amekimbia kuweka jiwe kwenye gurudumu. Alitazama kwa muda, nikadhani amependezwa.

"Dadangu, hili jiwe lamzuia nani? Mwaliweka upande wa juu. Gari laenda chini."

Nikachukua kitabu nikatazama. Kweli. Wote tulipita juu ya jiwe lile: mimi, mchoraji, wasichana watatu na kalamu yao nyekundu, ustadh na miwani yake.

Alikataa kunirudishia nakala, akasema atamwonyesha mwanawe. Ukurasa wa 11 uko kwa mchoraji. Nilipompigia aliniuliza kwanza kama ninayo ile karatasi tuliyotia sahihi, kwa kuwa huu ni mchoro wa tatu.